Filamu ya Uhuru Iliyouzwa kama Biskuti

KAMATI YA KUHIFADHI KUMBUKUMBU ZA ELDORET NA VIUNGA VYAKE

Kumbukumbu za mkutano wa dharura uliofanyika Jumamosi tarehe 14 Septemba 1985 katika ukumbi wa kanisa, mtaa wa West Indies, Eldoret. Mkutano uliitishwa kwa saa tatu asubuhi. Ulianza mwenye ufunguo alipopatikana.

WALIOHUDHURIA
Mzee Johnstone Obiero – Mwenyekiti, mwalimu mkuu mstaafu
Bw. Isaiah Ondiek – Mweka Hazina, pia dalali wa harambee zetu zote kwa kujiteua
Bw. Stephen Kipyego – Mfadhili, mwenye hoteli na kinu cha kusaga unga (posho mill) mjini
Bi. Maximilla Akello – Mwanachama, nesi, kutoka Kapsoya
Mama Rael Jepkemboi – Mwenye filamu
Bi. Selpha Walubengo – Katibu

WALIOKOSA KWA UDHURU
Bw. Bethwel, ambaye amefiwa na shangazi. Kamati ilimtumia pole, kama ilivyomtumia mwezi wa Machi kwa ajili ya shangazi huyo huyo.

WALIOKOSA BILA UDHURU
Mwakilishi wa ofisi ya wilaya. Alipewa kiti cha mbele, nacho kilikaa wazi kwa heshima zake.

KUMB. NA. 1/9/85: KUFUNGUA MKUTANO

Mwenyekiti alimwomba Bw. Ondiek afungue kwa maombi. Bw. Ondiek aliombea nchi, viongozi, mahindi yaliyo shambani na watumishi wote wanaojitolea bila shukrani. Mwishowe alimwomba Mungu awasamehe wale wepesi wa kuhukumu wenzao, na wakati huo alikuwa amemtazama Katibu. Bi. Maximilla aliuliza baadaye Katibu alijuaje hayo ikiwa naye alikuwa amefumba macho.

KUMB. NA. 2/9/85: KUTHIBITISHA KUMBUKUMBU ZA MKUTANO ULIOPITA

Kumbukumbu za mkutano uliopita zilisomwa. Zilikuwa zimeandika kwamba harambee ya tarehe 24 Agosti kule Kapsoya "ilifana kupita matarajio." Mwenyekiti alipendekeza maneno hayo yaondolewe kutokana na mambo yaliyojitokeza. Bw. Ondiek alikataa, akisema kwamba mambo yaliyojitokeza hayaondoi ukweli kwamba watu walicheka na pesa zikaingia. Baada ya mabishano iliafikiwa iandikwe kwamba harambee "ilifana kwa upande wa mapato." Bi. Maximilla alithibitisha, na Bw. Ondiek akaunga mkono huku akinung'unika.

KUMB. NA. 3/9/85: TAARIFA KUTOKA NAIROBI

Mwenyekiti alieleza upya chanzo cha jambo hili ili mtu yeyote atakayesoma kumbukumbu hizi asibaki gizani.

Alisema kwamba asubuhi ya Uhuru, Desemba 1963, marehemu mume wa Mama Rael, Mzee Kimeli, ambaye wakati huo alikuwa akiendesha gari la sinema la serikali, alipiga filamu ya sherehe uwanjani hapa Eldoret. Kwa kadiri ya ufahamu wa kamati hakuna filamu nyingine ya siku hiyo katika mji huu. Mama Rael aliihifadhi tangu mumewe afariki, ikiwa imeviringishwa leso ndani ya mkebe wa biskuti. Ofisi ya nyaraka huko Nairobi ilikubali kuinakili na kuiweka mahali ambapo mwananchi yeyote anaweza kwenda kuitazama, mradi gharama ya kunakili tuibebe wenyewe. Ndiyo maana tukaita harambee. Bw. Kipyego naye aliahidi kujaza pengo lolote litakalobaki, kwa kuwa alitaka watu waone bendera ikipandishwa Eldoret na wajue ni nani aliyewawezesha kuiona.

Baada ya harambee, Bw. Ondiek aliusindikiza mkebe hadi Nairobi kwa basi, ameupakata safari nzima. Alimkataza abiria mwenzake asipige chafya karibu nao.

Ndipo Mwenyekiti akaitoa barua iliyotoka kwa ofisi ya nyaraka, akamwomba Katibu aisome kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa ameshaisoma mara nyingi mno. Ilisema: "Tunathibitisha kupokea mkebe wenu. Ulifunguliwa mbele ya mashahidi wawili. Ndani mna biskuti. Ofisi hii haina mitambo ya kunakili biskuti, na tunaurudisha mkebe kwa basi. Mkiipata filamu yenyewe, tafadhali msiipitishe kwenye mashine yoyote kabla hatujainakili, kwani filamu za umri huo hukatika upesi."

Mama Rael aliuliza kama barua imekwisha. Aliambiwa imekwisha. Akasema, "Basi mtu wangu yuko wapi?" Mwenyekiti alimwomba awe na subira kwani jambo hilo lilikuwa kwenye ajenda inayofuata.

KUMB. NA. 4/9/85: JINSI MIKEBE ILIVYOBADILISHANA

Ilibainika kwamba siku ya harambee kulikuwa na meza mbili. Moja ilikuwa ya maonyesho, na juu yake kulikuwa na mkebe wa filamu. Ya pili ilikuwa ya mnada, yenye kuku, maboga, kibuyu cha mursik, yale maziwa yaliyolala, na mkebe wa biskuti alioutoa Bi. Maximilla. Mikebe hiyo miwili ilikuwa ya aina moja, ile ya samawati yenye picha ya farasi, ambayo haikosekani katika nyumba yoyote ya Uasin Gishu, iwe na biskuti, uzi au mbegu za maharagwe. Mvua ilipoanza, kila kitu kilibebwa mbio hadi ndani ya hema moja.

Bw. Ondiek alikiri kwamba alichukua mkebe uliokuwa karibu naye, akautangaza kuwa ni biskuti za ng'ambo, tamu, za siagi, zinazofaa watu wa heshima. Aliulizwa kama aliufungua kwanza. Alijibu: "Dalali hafungui mali ya watu. Akifungua, bei inashuka."

Bi. Maximilla alisema kwamba mtu yeyote mwenye mikono angehisi mkebe ule ulikuwa mzito. Bw. Ondiek alijibu kwamba alidhani uzito ule ni ukarimu wa Bi. Maximilla, na sasa anaona alikosea. Mwenyekiti aliwataka wote wawili waelekeze maneno yao kwa kiti.

Kisha Bi. Maximilla aliomba iandikwe kwamba biskuti zake, kwa upande wao, zilikaa juu ya meza ya maonyesho mchana kutwa, na kwamba Mwenyekiti aliwaleta watoto wa shule mbele ya mkebe huo, akawavua kofia, na kuwahutubia kwa kirefu kuhusu thamani ya kilichomo ndani. Mwenyekiti alisema kwamba hotuba ile ilikuwa sahihi kwa jumla. Katibu ameandika kama alivyoelekezwa.

Mkebe wa filamu ulinunuliwa kwanza na Bw. Kipyego, ambaye aliurudisha mezani upigwe mnada tena, kama ilivyo desturi ya watu wakubwa. Mara ya pili ulinunuliwa na kina mama wa kwaya kwa kuchanga, nao wakamzawadia Mgeni wa Heshima wa siku hiyo. Jina lake halitaandikwa humu, kwa heshima na vilevile kwa busara. Hapa Mama Rael alieleza, kwa sauti ya chini, kwamba yeye alikuwa nyuma ya hema akiosha masufuria wakati kina mama walipopitisha bakuli, naye alifungua pindo la kitambaa chake na kuchanga. Alipiga vigelegele pia.

Bw. Ondiek aliondoa kofia yake na kuiweka magotini. Hakusema neno tena mpaka ajenda ilipoisha, jambo ambalo halijawahi kutokea katika kamati hii.

KUMB. NA. 5/9/85: NAMNA YA KUUDAI MKEBE

Mwenyekiti aliuliza ni nani atakayemwendea Mgeni wa Heshima. Bw. Kipyego alisema kwamba kitu kikishatolewa harambee hakiombwi tena, na kwamba kumwendea mkubwa kama yule na kumwambia arudishe biskuti ni kujitafutia makao mapya. Aliongeza kwamba yeye ana leseni mbili za biashara za kuhuisha mwezi wa Desemba.

Mwenyekiti alipendekeza barua. Rasimu ya kwanza ilisema kwamba kamati "ilikosea ilipompa Mheshimiwa mkebe." Ilikataliwa, kwani ingeonekana kamati inajutia kumpa zawadi. Rasimu ya pili ilisema kwamba "mkebe alionao Mheshimiwa si wake." Bw. Kipyego aliomba rasimu hiyo ichanwe hapo hapo na vipande apewe yeye. Rasimu ya tatu, iliyotungwa na Mwenyekiti, ilisema kwamba "kumetokea hali ya mikebe." Katibu aliuliza msomaji ataelewa nini. Mwenyekiti alijibu kwamba hiyo ndiyo nguvu ya rasimu hiyo.

Ilijadiliwa pia kama Mheshimiwa ameshaufungua mkebe. Bw. Kipyego alisema mtu wa cheo kama kile, akitafuta biskuti na kukuta filamu asiyoijua ndani ya nyumba yake, hawezi kuichukulia kwa wepesi, na huenda tayari kuna watu wanaulizwa maswali mahali fulani. Bi. Maximilla alisogeza kiti chake kutoka karibu na dirisha.

Mama Rael alisimama bila kupewa nafasi. Mwenyekiti alimpa nafasi alipokuwa ameshaanza. Maneno yake yanaandikwa kama alivyoyasema:

"Nyinyi mnasema bendera, mnasema historia. Ni sawa, mimi sikatai. Lakini kwa hiyo filamu kuko mtoto wangu. Jemutai. Nilikuwa nimemshika hiyo siku, na babake akatupiga picha. Surua ilimchukua mwaka iliyofuata, hata hajajua kusema vizuri. Mimi sina picha yake ingine. Kimeli alikuwa anapiga picha ya watu kila siku, ya kwetu anasema atapiga kesho. Niliwapea nyinyi sababu mliniambia itakaa Nairobi haitaharibika, na mimi nikifa mtu ataiona. Sasa mnaandika barua ya mikebe. Mimi macho imeanza kuisha. Nataka kumwona."

Katibu hana aibu kuandika kwamba alilia kidogo, na kwamba rasimu ya tatu iliharibika kwa sababu hiyo.

KUMB. NA. 6/9/85: TAARIFA YA MAMA RAEL NA KUAHIRISHWA KWA MKUTANO

Mama Rael, akiwa bado amesimama, alisema kwamba hata hivyo yeye hakungoja barua. Siku ya Alhamisi alikwenda nyumbani kwa Mheshimiwa. Hakupitia langoni, alipitia jikoni na kuku mkononi, na hakuna aliyemuuliza kitu. Mpishi alimweleza kwamba Mheshimiwa hapewi sukari na daktari, hivyo mikebe yote anayozawadiwa huwekwa juu ya kabati bila kufunguliwa, na harambee nyingine ikitokea hutolewa tena kama mchango wake. Mpishi alisema iliyokuwepo, mikebe sita, yote ya farasi, ilikuwa imeshapakiwa garini.

Mwenyekiti aliuliza inapelekwa harambee gani. Mama Rael alisema Chepsaita, ya shule ya nasari. Mwenyekiti aliuliza ni lini. Mama Rael akasema, "Ni leo."

Mwenyekiti alimuuliza kwa nini hakulisema hilo mwanzoni mwa mkutano. Mama Rael alisema aliambiwa angojee ajenda.

Mkutano uliahirishwa mara moja. Bw. Kipyego alijitolea pikapu yake. Hapakuwa na maombi ya kuahirisha, na Bw. Ondiek ndiye aliyekuwa wa kwanza kupanda nyuma.

KUMB. NA. 7/9/85: YALIYOTOKEA CHEPSAITA

Mkutano ulirejea katika ukumbi ule ule jioni, wajumbe wakiwa na vumbi. Mwenyekiti alimwelekeza Katibu aandike yaliyotokea Chepsaita kama sehemu ya kikao, kwa kuwa wajumbe wote walikuwepo na hivyo idadi ilitimia.

Kamati ilifika mnada ukiwa umeanza. Mikebe sita ilikuwa imepangwa mezani baina ya jogoo na gunia la mahindi. Hakuna aliyeweza kujua ni upi wenye filamu, na dalali wa Chepsaita, kama wa kwetu, hakukubali mtu aguse mali kabla ya kununua. Bw. Ondiek alikubali kwamba msimamo huo ni sahihi kitaaluma.

Bw. Kipyego aliamua kununua mikebe yote, mmoja baada ya mwingine. Mkebe wa kwanza aliufungua nyuma ya pikapu. Ulikuwa na biskuti. Wa pili biskuti. Aliponunua wa tatu watu walianza kumtazama. Aliponunua wa nne walianza kumpigia makofi, kwa sababu mtu hanunui biskuti kiasi hicho isipokuwa anataka kiti. Kundi la kina mama lilitunga wimbo wenye jina lake papo hapo, na sauti kutoka nyuma ikapaza, "Diwani!" Bw. Kipyego alijitahidi kuwatuliza kwa mikono, lakini waliona anawapungia.

Kufikia mkebe wa tano, mtu mwenye suti nyeusi kutoka meza kuu alikuja na kumuuliza kwa adabu anatafuta nini hasa. Bw. Kipyego alijibu, "Hakuna kitu, mkubwa. Ni njaa tu." Mtu huyo aliitazama mikebe, akamtazama Bw. Kipyego ambaye si mwembamba, akarudi meza kuu. Mkebe wa tano ulikuwa na biskuti.

Mkebe wa sita ulipoinuliwa, Mheshimiwa alisimama mwenyewe. Alisema anafurahi kuona vijana wakijitokeza kwa moyo wa kusaidia, lakini akakumbusha kwamba ng'ombe dume wawili hawakai zizi moja. Umati ulicheka sana. Kisha akataja bei yake. Dalali alimtazama Bw. Kipyego. Bw. Kipyego aliyatazama mawingu, na kamati yote ikayatazama pamoja naye. Mkebe ulikwenda kwa Mheshimiwa.

Hapo Katibu aliona kila kitu kimekwisha. Bi. Maximilla alimshika mkono. Lakini kabla makofi hayajatulia, vigelegele vilisikika kutoka upande wa kushoto, na Mama Rael akatokea mbele ya umati akicheza, mgongo umepinda kuliko tulivyouzoea, kitambaa kimefunguka, anamsifu Mheshimiwa kwa Kinandi. Alicheza mpaka miguuni pa meza kuu na hapo akabaki, anayumba, mikono ameiweka tayari.

Kila mtu wa Uasin Gishu anajua kwamba mkubwa akinunua kitu harambee hakibebi kwenda nacho nyumbani. Humpa mama mzee aliye karibu, watu waone. Mheshimiwa aliupima mkebe mkononi, akasema biskuti za siku hizi zimejaa kweli kweli, akamkabidhi Mama Rael na kumwambia, "Mama, kunywa chai nazo." Mama Rael alipokea kwa mikono miwili, akasema kongoi, yaani asante, mara nyingi, na akaondoka akicheza kinyumenyume mpaka alipofika kwenye pikapu. Alipofika mgongo wake ulinyooka.

Mkebe ulifunguliwa barabarani. Ulikuwa na filamu, ndani ya leso yake.

Azimio: Mheshimiwa aandikiwe barua ya shukrani kwa mchango wake mkubwa katika kuhifadhi historia ya taifa, bila kufafanua ni mchango upi. Bw. Kipyego aliomba barua hiyo itaje pia kwamba yeye hana nia ya kugombea kiti chochote. Ilikubaliwa kwa kauli moja, na chai ikaletwa. Biskuti zilikuwepo za kutosha.

KUMB. NA. 8/9/85: KUONYESHWA KWA FILAMU

Mwenyekiti alitaka filamu ifungwe na kupelekwa Nairobi Jumatatu. Mama Rael alisema haiendi popote kabla hajaiona. Mwenyekiti alimkumbusha onyo la ofisi ya nyaraka kwamba filamu hii inaweza kukatika. Mama Rael alijibu: "Imepita kwa mnada mara tatu. Itapita kwa mashine mara moja." Hoja yake iliungwa mkono na Bw. Ondiek, ambaye alisema kwa unyenyekevu usio wa kawaida kwamba ana deni. Wengine wote walikubali, na Mwenyekiti alipinga kwa mujibu wa cheo chake.

Bi. Maximilla alileta mashine ya sinema kutoka misheni anakofanya kazi. Madirisha yalizibwa kwa majoho ya kwaya, na kitambaa cha meza ya Bwana kikatundikwa ukutani. Bw. Ondiek alizungusha ukanda kwa vidole, pole pole.

Filamu haina sauti. Ilionyesha bendi, kisha watoto wa shule waliopangwa kwa urefu, kisha wazee wenye fimbo, kisha kina mama waliovaa shanga wakicheza kwa mstari. Ilionyesha pia kijana mwembamba wa tai akicheza twist peke yake mbele ya bendi, amepinda magoti mpaka karibu na nyasi, tai imeruka begani. Ilichukua muda kwa wajumbe kumtambua. Ni Mwenyekiti, ambaye kwa miaka yote aliyokuwa mwalimu mkuu alikuwa akiwachapa wanafunzi kwa kucheza twist. Mwenyekiti alitoa hoja kwamba sehemu hiyo isiingizwe katika nakala ya umma. Hoja ilikosa wa kuiunga mkono. Aliitoa mara ya pili, ikakosa tena.

Kisha ukaonekana mlingoti. Watu wote uwanjani walisimama. Mtu mmoja alishika kamba, na kifurushi cha kitambaa kikaanza kupanda. Bw. Kipyego alisogea mbele ya kiti chake.

Hapo picha ilitikisika na kugeuka. Ikauacha mlingoti, kamba na kitambaa, ikapita juu ya vichwa na kofia, ikatua kwa mwanamke kijana aliyembeba mtoto wa kike. Ukumbini, Mama Rael alisimama. Mtoto alikuwa akivuta hereni ya mamake, kisha akaiacha, akamtazama aliyeshika kamera, akacheka na kumnyooshea mikono yote miwili abebwe. Watu wote waliozunguka walikuwa wameinua nyuso juu. Mtoto peke yake alikuwa ametazama upande wetu. Picha ilibaki hapo, haikuondoka, mpaka ukanda ukaisha na ukuta ukawa mweupe.

Filamu haikukatika. Bendera haimo.

KUMB. NA. 9/9/85: AZIMIO KUHUSU FILAMU

Majoho yalipoondolewa madirishani, wajumbe walirudi vitini. Mwenyekiti alisema kwamba kiti kina wajibu wa kusema jambo lisilopendeza. Wananchi waliombwa wachangie filamu ya bendera ikipandishwa. Ofisi ya nyaraka iliahidiwa bendera ikipandishwa. Mfadhili pia aliahidiwa hivyo hivyo, na harambee peke yake haitoshi kulipia nakala bila mkono wake. Sasa imeonekana kwamba marehemu Mzee Kimeli, kwa wakati ule ule uliokuwa muhimu kuliko wote, aligeuza kamera akampiga picha mwanawe. Alimwomba Bw. Kipyego aseme msimamo wake, akaongeza kwamba hakuna atakayemlaumu akijitoa.

Mama Rael alikuwa ameketi, mkebe uko mapajani. Alisema tu, "Ni kweli. Yeye aligeuza. Hata siku hiyo waliomtuma walimgombeza."

Bw. Kipyego aliinama akautazama mkebe, mpaka Katibu akadhani anatafuta maneno mazuri ya kukataa. Kisha akasema, na Katibu anayaandika yalivyotoka:

"Mwenyekiti, bendera mimi naiona kila siku. Iko kwa DC, iko posta, iko shule. Asubuhi wanapandisha, jioni wanateremsha. Huyu mtoto hajaonekana miaka ishirini na moja, hata na mamake. Peleka hiyo filamu. Yote. Usikate mahali, hata pale pako pa kucheza. Mimi nitalipa."

Bw. Ondiek aliunga mkono kabla Mwenyekiti hajauliza nani anaunga mkono. Azimio lilipita bila kupingwa. Iliafikiwa pia kwamba maelezo yatakayoambatana na filamu huko Nairobi yasitaje bendera, bali yaseme hivi: "Sherehe za Uhuru, Eldoret, Desemba 1963. Mpiga picha: Kimeli. Mtoto: Jemutai, binti yake."

Mwenyekiti aliuliza kama kuna mwenye jambo lingine. Hakuna aliyekuwa nalo. Alimwomba Mama Rael atufungie kwa maombi. Mama Rael alisimama, akatuangalia, akasema maombi yake ni mafupi. Alisema kwa Kinandi kwamba amemwona, na akashukuru. Wasiojua Kinandi hawakuhitaji kutafsiriwa.

Tuliachana saa kumi na mbili jioni.

Mwenyekiti: J. Obiero (ametia sahihi huku akipinga yaliyoandikwa juu yake katika KUMB. NA. 8/9/85)

Katibu: S. Walubengo (ametia sahihi bila kufuta kitu)